Nyayo za Luhaga Ndani ya Pamba

Huko Kasoli pamba hushindiliwa kwa miguu mitupu. Gunia huning'inizwa kati ya nguzo mbili, mtu akaingia ndani, akamwagiwa pamba na kuikanyaga hadi imwinue mpaka mdomoni mwa gunia. Kabla ya kuingia hunawa miguu mbele ya mwenye mali. Viatu huleta udongo, na udongo huigeuza pamba safi kuwa fifi, ile ya daraja la chini ambayo mnunuzi huisukuma pembeni.

Luhaga Mwandu aliifanya kazi hiyo tangu ujana, na gunia lililopita miguuni mwake lilisimama kama gogo. Alijisifu kwamba nyayo zake ndizo zinazomwambia pamba imeshikana. Alipogundulika ana kisukari, muuguzi Violeth wa kliniki moja mjini Bariadi alimpa masharti: akague nyayo kila jioni, akaushe vizuri katikati ya vidole, asitembee peku hata ndani ya nyumba. Aliyashika yote, isipokuwa msimu wa pamba ulipofika.

"Mama Gloria, pamba ni laini kuliko godoro letu," alimwambia mkewe, Apolonia. "Itanichoma na nini?"

Akaenda kwa jirani yake, Januarius. Gunia lilikuwa limekaribia kujaa pale Januarius alipoona wekundu kwenye pamba.

"We Luhaga! Umeingia humo na kuku wa kuchinja?"

Watu wakacheka, Luhaga akawazidi wote. Akateremka. Kila alipokanyaga turubai, kisigino kiliacha alama nyekundu. Apolonia akamkalisha, akaugeuza mguu kama anayekagua kwato ya ng'ombe. Kipande cha sindano ya kushonea magunia kilikuwa kimezama kisiginoni.

"Hukusikia?"

"Nisikie nini?"

Kicheko kikakatika.

Bodaboda iliwafikisha Bariadi kabla ya kliniki kufungwa. Violeth alikitoa kile chuma, akasafisha jeraha. Luhaga aliuliza jambo moja tu, kama mguu utakatwa. Alimjua mtu wa Dutwa aliyeanza na mwiba akamalizia na magongo.

"Siwezi kukuahidi leo," Violeth alisema. "Kidonda kikiwahiwa, mguu unabaki. Sasa nipe ule mzima, halafu fumba macho. Nitagusa unyayo kwa huu uzi wa plastiki. Ukisikia, sema."

Akafumba macho. Nje mtu alikuwa akinadi karanga. Luhaga akasubiri, akaona binti wa watu anamchelewesha.

"Anza basi, mwanangu."

"Nimeshamaliza, baba."

Alifumbua macho, akautazama unyayo wake muda mrefu. Kumbe zile nyayo zilikuwa zimenyamaza zamani, na yeye ndiye aliyekuwa akizisemea.

Kidonda kilimlia msimu wote. Alikwenda kufungwa bandeji kila alipoitwa, na siku alizotaka kudanganya kwamba amekwenda, Apolonia alimpandisha bodaboda mwenyewe. Magunia ya Kasoli yakashindiliwa na wengine, mengi yakalegea tumboni. Mwishowe kisigino kikafunga, mguu ukabaki.

Msimu mwingine Luhaga alitokea kwa Januarius na raba mpya mkononi, ambazo hazijawahi kugusa ardhi, na soksi nyeupe ndani yake.

"Raba kwenye pamba yangu?" Januarius aling'aka. "Baba Gloria, unanitakia fifi?"

"Zishike kwanza."

Januarius akapitisha kiganja kwenye soli. Akakitazama. Akakifuta kwenye shati lake, akalitazama shati.

"Na pamba ikishikana utajuaje?"

"Sitajua. Wewe piga gunia kwa nje, uniambie."

"Kwa hiyo mwenye mali ndiye kibarua!"

"Ukitaka, panda wewe."

Januarius akasonya, akamshika mkono kumpandisha. Luhaga alivaa raba akiwa amekaa mdomoni mwa gunia, akajishusha ndani, akakanyaga. Baada ya muda Januarius akalipiga gunia ubavuni, akatega sikio.

"Bado," akasema.

Luhaga akaendelea kukanyaga.