Neno Nililomtafutia Idi

Nilikuwa mtoto wa miaka tisa, na nilikuwa na roho mbaya. Hilo naliweka wazi mapema. Tuliishi ughaibuni, North York, kwenye nchi ya baridi, ghorofa ya tisa: mimi, Mama, Bibi aliyemzaa Mama, mtu wa Tanga, na mdogo wangu Idi. Idi alikuwa na miaka minne na hajatamka neno. Hakuwa akilia kwa sauti, hata akianguka. Tulilala chumba kimoja, naye alinichania madaftari.

Bibi alikuwa na maelezo yake. Idi alipozaliwa, Bibi aliweka kisu chini ya godoro lake pale hospitali, kama wafanyavyo kwao, ili majini wasimbadilishe na mtoto wao. Nesi alikiona, akakichukua kwa hasira. Mama alimkataza Bibi kuyasema hayo, kwa hiyo aliyasema Mama akiwa kazini.

Siku moja mvulana wa jirani alimwita Idi "oaf" kwenye lifti, yaani bwege. Sikumtetea. Kesho yake nililitafuta neno hilo katika kamusi kubwa ya maktaba ya shule, ile inayoeleza kila neno limetoka wapi. Zamani liliandikwa "auf". Lilitoka kwa Wazungu wa kale wa kaskazini, ambao walikuwa na viumbe vyao kama majini, na maana yake ya kwanza ni mtoto wa viumbe hao, aliyeachwa kitandani baada ya mtoto wa binadamu kuibwa. Nilifurahi mno. Kumbe Wazungu nao walimjua Idi.

Nilimuuliza Bibi dawa yake. Alisema watu wa kale walimtoa nje mtoto wa namna hiyo. Jini akisikia mwanawe analia humfuata, na yule wa kweli hurudishwa.

Jumamosi moja ya Januari, theluji imejaa nje, Mama akiwa kazini na Bibi akisali chumbani, nilimtoa Idi kwenye roshani akiwa na fulana na soksi, nikafunga mlango wa kioo. Nikaketi ndani kusubiri alie. Alibandika viganja kwenye kioo akaniangalia. Nilijua halii, na bado nilisubiri. Bibi ndiye aliyemkuta, midomo imebadilika rangi. Akamwingiza ndani, na kabla hajachukua blanketi aliniuliza jambo moja tu.

"Alilia?"

Idi alikatwa ncha za vidole viwili, zilizokufa kwa baridi. Leo ni mtu mzima, anaishi nami, na anajua maneno machache, jina langu likiwemo. Bibi alishafariki. Nilimlaumu miaka mingi, na kamusi nayo nikailaumu. Siku hizi nadhani neno kama lile hutungwa na watu waliochoka na mtoto wao, wakatafuta ruhusa. Mimi nililipata likiwa tayari.

Sikutaka yule wa kweli arudishwe. Nilitaka huyu achukuliwe.