Mgane Aliyekuwepo Kwenye Kila Msiba

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, kaeni vizuri na simu wekeni chini. Najua wengine mnayasoma humo humo kwenye simu. Basi ishikeni kwa adabu. Mimi niliishia darasa la nne, na haya nimeyaandika kwa mkono wangu, kwa hiyo mkikuta mstari umepinda, pindeni shingo muusome. Nataka kuwaambia habari za mwanaume aliyenitongoza nikiwa bibi mzima, nikakaribia kukubali.

Msicheke. Wa kuchekwa ni nyinyi.

Mjukuu wangu mkubwa, anayesuka nywele saluni hapa Elerai na kuishi kwangu, alipata wachumba watatu ndani ya mwaka mmoja, wote wa kwenye simu. Wa kwanza alituma picha ameegemea gari. Siku ya kuonana akaja kwa miguu, akasema gari liko kwa fundi. Liko kwa fundi mpaka leo. Wa pili alikuja na mama yake, na mama ndiye aliyeuliza maswali yote. Wa tatu alikuwa kijana mzuri, mpole, ana kazi, ana kiwanja, na mke pia anaye. Kila mara mtoto alirudi analia, na mimi nilisimama mlangoni, mikono kiunoni, nikamwambia, "Mtu hujui kwao, hujui jana kalala wapi, moyo unampa wa nini?" Mungu alikuwa anasikia. Akanitengenezea wangu.

Wangu alitoka kanisani, benchi la mbele kabisa. Mgane, dereva mstaafu, mtu wa kwao Kilimanjaro, suti ya kahawia, viatu vimepigwa kiwi mpaka unaona meno yako. Alianza kuja kwangu Jumamosi kutusalimia, na salamu zake zilikuwa zinajua saa: saa saba mchana, bila kupiga simu.

Mgeni wa saa saba humpikii makande, maana makande yanataka asubuhi nzima. Hapo ndipo nilipojifunza kupika kwa mbio. Unapaka mafuta mikononi utomvu usikushike, unamenya ndizi mshare, unakatia kitunguu, nyanya na karoti, unafunika juu ya gesi. Pembeni unakaanga dagaa, unakamulia limao. Ndizi zikilainika unamimina maziwa, unaonja chumvi, basi. Nusu saa, mgeni ananawa.

Hiyo nusu saa yeye alikaa sebuleni akisimulia misiba. Meli ilizama ziwani? Tiketi alikuwa nayo, akachelewa bandarini. Basi lilipinduka mteremkoni? Yeye alikuwa kwenye basi la nyuma yake. Kiongozi wa nchi alifariki? Moyo ulikuwa umeshamwambia tangu jana yake. "Nilikuwepo, mama," alisema, "kwa macho yangu haya," akatoa leso. Leso ilirudi mfukoni sahani ilipofika. Mjukuu wangu alininong'oneza jikoni, "Bibi, huyu babu bila yeye msiba hauanzi." Nikamwambia akoroge ndizi, aache midomo.

Mimi misiba siikumbuki hivyo. Wenzangu hukumbuka walikuwa wapi. Mimi nakumbuka nilikuwa nimebandika nini. Siku redio ilipotangaza kifo cha mkubwa wetu wa nchi nilikuwa namenya ndizi. Nilikaa chini, kisu mkononi, na niliponyanyuka ndizi zote zilikuwa nyeusi kama mkaa. Sikuona kitu kingine cha siku ile.

Na mwaka wa mafuriko nilikuwa nimebandika maharage.

Hadithi hiyo wajukuu wangu wamelelewa nayo. Masika yalizidi, korongo likashuka na matope kutoka mlimani, likabeba nyumba za pembeni na watu wakiwa ndani. Waliosalia walilazwa kwenye madarasa ya shule ya msingi. Wanawake wa kanisani kwetu tulikwenda kuwapikia, na akina mama wa Kiislamu wa mtaa wa Daraja Mbili walikuja na masufuria yao makubwa ya msibani. Kuni zote zilikuwa zimelowa. Ndipo akaja mwanaume anasukuma mkokoteni wa kuni kavu, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi, uso mzima matope. Siku tatu alileta kuni. Hakutaja jina, wala mimi sikumwuliza. Maharage yangu niliyaunga kwa nazi, watu wakala, wakasifu, wakaramba vidole. Ndivyo nilivyowasimulia.

Mume wangu nilikuwa nimemzika mwaka uliotangulia. Tangu siku zile, nikisikia mkokoteni unapita njiani, nachungulia. Hilo sikumsimulia mtu.

Sasa Jumamosi moja mgane alimaliza dagaa, akafuta mdomo, akainama. "Mama," akasema, "kuna jambo nimelibeba miaka mingi. Yule mtu wa kuni pale shuleni, wakati wa mafuriko... ni mimi."

Jamani. Nilishika meza. Mimi, niliyemkemea mjukuu kwa ajili ya wanaume watatu wa kwenye simu, sikuuliza swali hata moja. Nilimtazama nyusi, nikajaribu kuzivika kofia ya sufu, nikaziona zinafaa. Mtu ukishapenda kuamini, kilichobaki ni macho tu, na macho hufuata amri.

Akaomba alete wazee wake waje kuonana na wanangu. Nikamwambia aje Jumamosi inayofuata achukue jibu, na jibu nilikuwa nalo tayari. Nilinunua kitenge. Nilikwenda kusukwa, na aliyenisuka ni mjukuu wangu mwenyewe, anacheka chini chini kama mtu aliyeficha mandazi.

Jumamosi hiyo sikupika kwa mbio. Nilianza asubuhi. Alipokaa mezani nilisikia aibu kama msichana wa kipaimara, na kwa kuwa sikujua pa kuanzia, nikataka tucheke kwanza, mimi na yeye, jambo letu la siri.

"Na yale maharage," nikamwuliza, "unayakumbuka?"

"Nitayasahauje, mama!" Leso ikatoka. "Yale ya nazi! Matamu! Watu waliramba vidole. Tangu siku ile sijala maharage ya namna ile."

Nikaweka kijiko chini. Kisha nikamwuliza, "Na kuni ulizitoa wapi?"

"Shambani kwangu, mama. Nilizikata mwenyewe kwa shoka."

Sasa nyinyi mnaosoma, sikilizeni, kwa sababu hili sikuwahi kulisema popote. Nazi haikuwepo. Nazi ingetoka wapi, barabara zimekatika? Na kuni hazikuwa kuni. Lilikuwa kabati la nguo, limepasuliwa vipande. Siku ya tatu alileta milango; mmoja ulikuwa bado na bawaba, na upande wa ndani kimebandikwa kipande cha kalenda. Mbao zilikuwa na vanishi. Zilipoingia motoni ziliwaka kama petroli, na sufuria zima la maharage likaungua. Mama mmoja wa Daraja Mbili alifunua mfuniko akaita, "Shoga, njoo, maharage yako yanavuta sigara!" Wanawake wakacheka, siku ya tatu ya msiba, wakacheka mpaka wakashikana. Nilitaka ardhi inimeze. Yule mwanaume akachukua bakuli, akachota kule chini kabisa, kweusi, akala amesimama. "Mama," akasema, "ukoko sijawahi kuukataa." Akachota tena. Wengine wakamwona, wakaja na mabakuli yao, wakala.

Alipoondoka ndipo akili ikanijia kwamba mtu hapasui kabati zima. Kabati lile ndilo lililosalia nyumbani kwake. Nilitoka mbio mpaka getini. Hayupo.

Na mimi nikarudi nyumbani nikawasimulia watoto nazi. Nikaona haya ya kuunguza, mimi ninayesifiwa upishi kanisa zima. Basi mgane hakuniletea uongo wake. Alinirudishia wa kwangu, nikaujua kwa ladha.

"Mwongezee mgeni nyama," nikamwambia mjukuu. Alikula akashiba. Nikamsindikiza mwenyewe mpaka njiani, kitenge kipya kinanibana.

"Wazee wako waache wapumzike, baba," nikamwambia.

"Nimekosea nini, mama?"

"Hujakosea. Umesema kama ulivyoambiwa."

Akatazama viatu vyake. Sikumtukana. Mtu aliyefiwa na mke, anayezunguka mji akitafuta sahani ya moto, kanisa limejaa watu wa namna hiyo, na mimi pia sahani yangu naiona upande mmoja wa meza.

Nilipoingia ndani, mjukuu wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda, vyombo hajavigusa. "Bibi, ni mimi nilimwambia. Alikuja saluni akaniuliza wewe unampenda mtu wa namna gani. Nikamsimulia yule wa kuni. Nilitaka na wewe upate mtu."

"Na ukamsimulia nazi."

"Si ndivyo ulivyotuambia, bibi?"

Nilivuta kiti nikakaa karibu yake. Miaka yote ile ningeweza kuuliza: nani alipoteza nyumba akabaki na kabati? Watu wa korongo wangejua. Lakini ningeanzaje kuuliza, bila kusema maharage yaliungua? Sasa wengi wao wamehama, wengine tumewazika. Nimtafute wapi?

Nikawaita wote, mpaka wadogo waliokuwa wanacheza uani. Nikawasimulia upya, na bawaba, na kalenda, na sigara ya yule mama. Wadogo walicheka. Mkubwa hakucheka. Kisha nikawaambia: "Kuanzia leo nazi ife humu ndani. Mkisimulia, semeni bibi aliunguza, na semeni kuni zilikuwa kabati la mtu. Na kesho baada ya ibada, wewe mkubwa, vaa viatu vya kutembelea. Tunashuka korongoni, mlango kwa mlango, na kuuliza nitauliza mimi."