Nilichoulizwa Katikati ya Muhula

Miaka ile ya wakimbizi, mtu wa Ngara akiitwa ofisini peke yake alijua anaitiwa nini. Ataulizwa babu yake kazikwa wapi, mama yake kazaliwa kijiji gani, na akisitasita kidogo tu, ataambiwa si raia, kwisha habari yake. Kwa hiyo tulipoambiwa kwamba mhadhiri amekuja kutoka chuoni kuzungumza nasi mmoja mmoja juu ya maendeleo yetu ya nusu muhula, sikuamini hata neno moja. Maendeleo gani hayo ya kufungiana mlango?

Nilikuwa mwalimu wa shule kule Ntobeye, nikisoma chuo kikuu kwa njia ya posta. Nikaendesha baiskeli hadi Ngara mjini nimevaa shati la kanisani, njia nzima nikirudiarudia majina ya mababu wa upande wa baba. Upande wa mama niliuacha. Mama alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa msichana, akaolewa na Mhangaza, mwenyeji wa Ngara, na kwa kuwa Kirundi na Kihangaza ni ndugu, hakuna jirani aliyejali. Makambi yalipokuja, watu wakaanza kujali.

Mhadhiri alikuwa mama wa makamo, mpole. Upole wake ndio ulionitisha zaidi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaa. Nyumbani ni wapi hasa?"

Nikajisemea moyoni, haya, imeanza.

"Ntobeye."

"Ulizaliwa hapohapo?"

"Hapohapo. Na baba. Na babu."

Akanitazama kidogo, kisha akafungua kazi yangu. Swali lilitutaka tueleze jinsi ukataji wa kuni unavyobadili ardhi ya mahali tunapoishi. Mimi nilikuwa nimejaza kurasa nane juu ya Saheli, ambako sijawahi kukanyaga.

"Unaandika vizuri," alisema, "lakini humu ndani hayupo mtu. Vilima vya kwenu vimebaki vipara, watu wanapita na mizigo ya kuni mbele ya mlango wako, wewe unanieleza Saheli! Kwa alama hizi hutaruhusiwa kufanya mtihani. Niambie kitu kimoja tu ulichokiona kwa macho yako, ukakiandike upya, nami nitasahihisha tena. Umeona nini?"

Aliyeumwa na nyoka akiona jani hushtuka. Nilichokuwa nimeona ni wanawake wa kambini, waliotoka kutafuta kuni, wakitua mizigo nyuma ya jiko letu. Mama aliwapa maji na ndizi za kuchemsha. Mmoja wao, mtu mzima, akamshika mama mikono yote miwili na kumwita kwa jina ambalo sijapata kulisikia nyumbani kwetu. Wakalia, wakacheka, wakazungumza Kirundi cha huko kwao mpaka jua likaanza kushuka. Tangu siku hiyo sikuwa na usingizi mzuri.

Nilitaka shahada ile, Mungu anajua. Nikaitazama kalamu mkononi mwake, nikautazama mlango.

"Sijaona kitu, mwalimu."

"Hata kimoja?"

"Hata kimoja."

Machoni mwake mlikuwa na huzuni. Leo naamini ilikuwa huzuni ya kweli, lakini siku ile niliiona ni hila tupu, nikazidi kukaza uso. Mwishowe akaifunga kazi yangu, akaniomba nimwite anayefuata. Mtihani wa muhula ule sikuufanya.

Nyumbani nilimkuta mama anachambua maharage uani. Hakuuliza nimepata alama ngapi.

"Wamekuuliza nini?"

"Nimeona nini."

Mikono yake ikasimama juu ya ungo. "Ukasemaje?"

"Nimesema sijaona kitu."

Akashusha pumzi ndefu, akanisogezea kigoda nikae karibu naye.

"Umejibu vizuri, mwanangu."