Mama Kilemba na Sanduku la Kutagia

Jua halijapasha mabati, lakini Mama Kilemba ameshapiga magoti ndani ya banda la kuku la mkwewe, mke wa mwanawe, amempakata tetea mweusi. Anamtazama kichwani kwanza, kwenye kilemba, kile kinyama chekundu kilichompa yeye mwenyewe jina mtaani.

Leo si chekundu. Kimepauka kama karatasi iliyoloa.

"Ehe, mama wa watu, umepatwa na nini?" anamuuliza kuku, utadhani atajibiwa.

Kwa miaka kumi na saba mwanamke huyu, aliyestaafu kazi ya kufagia ofisi na sasa anauza mayai, amepita kwenye mabanda ya majirani bila kudai hata nauli. Cheti hana. Daktari wa mifugo hana kinyongo naye. "Akinipigia simu naacha chai," anasema. "Yule mama hanisumbui kwa upuuzi."

Maana si kila kilemba kilichopauka ni ugonjwa. Kuku anayeatamia hupauka. Anayenyonyoka manyoya hupauka, na aliyepumzika kutaga vilevile.

"Watu wanakimbilia kisu," analalamika Mama Kilemba. "Angalia kwanza, jamani! Kope kwa ndani bado nyekundu? Kinyesi kikoje? Kifua kimekonda?" Kilemba kikigeuka zambarau hajifanyi mjuaji, anamwita daktari.

Lakini kwa mkwewe mambo si mambo. Kuku kumi na watatu wamebaki kumi na mmoja ndani ya wiki moja, na mayai tisa kwa siku yamekuwa mawili. Mkwe amewapa dawa ya minyoo, wapi! Mchana huu amepanga kuwachinja wote na kulibomoa banda.

"Nimechoka kuzika, mama," anasema akiwa mlangoni, macho yamemvimba. Ufugaji huu ni kazi ya kwanza aliyoianzisha kwa mikono yake tangu aolewe, na hakumwomba mtu ruhusa.

Mama Kilemba anachomoa kitambaa cheupe, anafuta chini ya fito wanazolalia kuku. Kinatoka na vumbi tu. Anajikuna kichwa.

"Wanakula?"

"Wanakula."

"Wanataga wapi?"

"Chini ya ngazi. Lile sanduku ulilonipa wamelisusa kabisa. Kudeka tu!"

Kuku hasusi kiota bure. Mama Kilemba anasogea hadi kwenye sanduku la mbao la kutagia, anapitisha kitambaa kwenye kona zilipoungana mbao. Kinatoka na michirizi ya damu.

Utitiri. Vidudu vidogo kuliko punje ya chumvi, vinavyojificha kwenye nyufa mchana na kutambaa hadi kwa kuku kumnyonya damu giza likiingia. Na sanduku ni lake. Alilitoa mwezi uliopita kwa moyo mweupe, baada ya kulizungusha kwenye nyumba nyingine nne zenye kuku wa kuatamia. Hakuwahi kulimwagia hata birika moja la maji ya moto.

Angeweza kuzisingizia fito. Mkwe asingejua. Mama wa watu anamwonyesha kitambaa, uso umemshuka.

"Mwanangu, usichinje. Balaa hili nimekuletea mimi."

Kicheko kinamtoka mkwe, kicheko cha uchovu. "Makubwa haya! Sasa tumchinje nani?"

Wanacheka wote wawili, Mama Kilemba akijifuta machozi kwa kiwiko. Sanduku linachomwa uani. Maji ya moto yanamwagwa kwenye kila ufa, kuku wanapakwa dawa ya unga chini ya mbawa, na kazi hiyo itarudiwa baada ya wiki, kwani mayai ya utitiri yatakuwa yameanguliwa. Hakuna kuku aliyechinjwa.

"Nimeona haya, sikufichi," anasema Mama Kilemba akinawa mikono.

Mpango wake ni kupita zile nyumba nne kesho, kitambaa mkononi, aseme mwenyewe. Mkwe anamshauri atume ujumbe wa simu tu. Mama Kilemba anakataa katakata.

"Kuna jirani kuku wake sita waliisha wote, nikamwambia ni bahati mbaya," anasema polepole. "Alinishukuru. Sanduku akanirudishia akiwa amelifuta vizuri. Naanza na huyo."