Zebaki Haiivi

Nyangi hakuwa mtu wa kunyamazishwa. Kijiji kilimjua hivyo hata kabla ya operesheni ya vijiji vya Ujamaa kuwasogeza watu pamoja, na waliomchokoza walikoma wenyewe. Kazi yake ilikuwa kuokota kome, wale wenye magamba mawili wanaojizika kwenye tope pale mto unapoingia ziwani. Alibeba beseni hadi soko la Mwigobero, akauza, na fedha ikaingia mfuko wa kijiji. Ila walionona hawakufika sokoni. Hao alimchemshia Justina, mkamwana wake, maana kwao mwenye mimba hupikiwa mchuzi wa kome na mama mkwe mpaka ajifungue, ili mtoto awe na mifupa.

Basi paka wake, mla mabaki ya kome, akaanza kuyumba. Akatembea upande upande, akatetemeka mwili mzima, akafa. Nyangi roho ikamruka. Akaenda zahanati kumuuliza nesi Marcelina, naye hakumung'unya maneno.

"Wachimba dhahabu huko juu wanakamatia dhahabu kwa zebaki, mama, kisha uchafu wanamwaga mtoni. Unashuka, unaingia kwenye tope, kome wanaukusanya mwilini. Mtu mzima unamharibu mishipa ya fahamu. Mtoto aliye tumboni unamharibu ubongo kabla hajazaliwa."

"Lakini mimi nachemshaga sana, mwanangu! Mpaka magamba yote yafunguke!"

"Zebaki haiivi, mama. Hata ukichochea moto mpaka kesho."

Nyangi alirudi akilia njia nzima. Kwa mikono yake mwenyewe, jamani! Akamwaga chungu cha Justina, akapangusa machozi, akaenda kwa Mwenyekiti Makongoro, aliyewaruhusu wale wachimbaji.

"Ndugu Nyangi, usitutie hofu," Makongoro akamwambia. "Kesho nenda Mwigobero na beseni lako."

"Siendi. Na wakiniuliza sokoni nitawaambia kwa nini."

"Utafukuzwa kijijini!"

"Nifukuze. Nilishahamishwaga mara moja, sikufa."

Jumapili mkutano ukaitwa kumshtaki. Makongoro akaapa mbele ya watu kwamba kome hawana neno, huo ni uchochezi wa kuhujumu Ujamaa. Mara Nyangi huyoo, chungu kichwani, kome wanafuka mvuke. Watu wakadhani amenywea, ameleta suluhu. Wapi!

"Kwetu anayesifia chakula ndiye anayeonja kwanza," akasema. "Nadanganya, wazee?"

"Hudanganyi!"

Akampakulia Makongoro. Makongoro akatafuna mmoja, akameza, akacheka. "Mmeona?" Wengine wakapiga makofi.

Nyangi akapakua sahani ya pili, akaipeleka kwa Esta, mke wa Makongoro, aliyekaa mbele na tumbo lake la miezi saba. "Haya mwanangu, mumeo kashaonja. Mtoto apate mifupa." Sahani yenyewe ameikamata kwa mikono miwili, haachii. Esta, kwa adabu, akanyoosha mkono.

"Esta, usile!" Makongoro akaruka, akaipiga ile sahani, kome wakatawanyika vumbini.

Esta akamgeukia mumewe.

"Kumbe unajuaga," Nyangi akasema. "Mtoto wa Esta asile. Wa Justina ale?"

Nyangi akajifunga kanga kiunoni, akashika njia ya machimboni. Wanawake wakainuka wakamfuata, na Esta alikuwa katikati yao.