Jogoo wa Mkebe

Fundi viatu wa hapa mtaani amepitisha kisu cha moto kwenye raba, na ule moshi mchungu umenirudisha utotoni Gatina, mlangoni mwa chumba chetu cha kupanga.

Mwenye nyumba alikuwa amekataza kufuga kuku. Lakini kwa senge, dada wa baba, boma bila jogoo si boma, kwa hivyo tulimtengeneza wetu. Mwili ulikuwa mkebe wa mafuta ya kupikia, manyoya ni vizibo vya soda nilivyookota mimi, na mkia ni utepe wa kaseti mbovu, uliometameta kila upepo ukivuma. Senge akampigilia juu ya mlango.

Mwenye nyumba akaja kukusanya kodi, akamkazia macho jogoo. Nilishika leso ya senge.

"Nilisema hapa hakuna kuku."

"Huyu jogoo hali, mzee, wala hachafui."

"Jogoo gani hana kilemba kichwani?"

Tulikuwa tumekosa kitu chekundu.

Mzee akainama, akavua patipati yake moja, ndala nyekundu ya raba, akampa senge. Senge akatia kisu kwenye makaa, akakata raba. Mzee alingoja mpaka kilemba kikasimama, ndipo akaendelea na milango mingine, mguu mmoja mtupu.