Isome kwa Sauti Kabla Hujaipeleka

Siku ile ya Guangzhou, kule China nilikosoma, naikumbuka, mwanangu, kila nikikuona umeinamia maandishi yako kwenye kompyuta unatafuna kucha. Nami nilitafuna zangu. Msimamizi wangu alinirudishia sura ya matokeo ya tasnifu yangu ya Kiingereza na neno moja tu: "Sielewi." Isipoeleweka kufikia Ijumaa, singeruhusiwa kuitetea, na ufadhili ulikuwa unakwisha muhula ule. Ningerudi Tanga mikono mitupu, na mama alishawatangazia majirani kuwa bintiye anarudi na shahada.

Usingizi uliniruka. Asubuhi nikaenda soko la vitambaa la Zhongda kwa Mwalimu Sudi, mzee wa kwetu aliyefundisha Kiingereza hadi akastaafu, akaja kumsaidia mwanawe dukani. Nilitaka anisahihishie haraka niondoke. Karatasi hakuzipokea.

"Binti, soma nisikie."

"Hapa, Mwalimu? Mbele ya watu?"

"Kwani madrasa ulisoma peke yako chumbani?"

Wateja wakageuka. Mmoja wa Dar akanitania, "Dada, vipi, laoban wa chuo kaukataa mzigo?" Kule kila bosi ni laoban. Hata kucheka nilishindwa.

Nikaanza, nimeegemea majora ya vitambaa. Sentensi ya kwanza haikutaka kwisha. Mawazo manne niliyaunga kwa mkato, mkato, mkato, hadi pumzi ikanikatika. Mwalimu akagonga meza. "Wazo likitimia, tua. Hapo weka nukta."

Sentensi nyingine ilianza na "kwa sababu", ikaishia hapo hapo. "Kwa sababu hiyo, ikawaje? Umeniacha mlangoni." Kwenye ya tatu akauliza, "Nani kafanya?"

"Wafanyabiashara, Mwalimu."

"Mbona siwaoni? Kiswahili humbeba mtendaji ndani ya kitenzi. Kiingereza hakina huruma hiyo. Msimamishe mbele aonekane."

Nilimchukia, nakwambia kweli. Muda unakwenda, naye ananirudisha mwanzo wa ukurasa kama mtoto anayejifunza alifu! Nikalia pale pale. Akanimiminia chai, akangoja ninyamaze.

"Uliandika kwa hofu," akasema. "Mwenye hofu hatui, anakimbia tu. Msomaji atakufikiaje?"

Tulisoma mpaka duka likafungwa. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi ulimi ulijikwaa dukani, ukaniponya mbele ya msimamizi. Ijumaa aliisoma sura ile nimesimama mbele yake. Akainua uso: "Haya matokeo, una hakika nayo?" Ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza juu ya kazi yenyewe. Nikajua amenielewa, nikajibu, na ruhusa ya kuitetea tasnifu nikaipata.

Basi, mwanangu, acha kucha zipone. Kila sentensi iulize nani kafanya nini. Wazo likitimia, weka nukta, usiliburure liingie kwa jirani. Ukianza na sababu, toa na tokeo lake. Na pale ulimi unapokwama usiruke kwa aibu, maana msomaji naye atakwama papo hapo, na wewe hutakuwapo kumweleza. Mwenda pole hajikwai.

Mungu akutulize moyo, akupe pumzi ya kutosha na msomaji mwenye subira. Kesho huyo msomaji atakuwa mbali. Leo nipo mimi. Haya, soma. Nakusikiliza.